Bameingia, Bameingiza

Mama yangu aliikimbia nyumba yake ya Bungulu kwa sababu ya penalti iliyopigwa Uingereza. Nimeshawaeleza watu habari hii mara nyingi, na kila mara wanacheka kwanza, kisha wanauliza maswali yale yale. Naiandika kwa mpangilio, maana nimechoka kuieleza kwa mdomo.

Kazi yangu ni kusoma habari katika redio ndogo ya mtaa hapa mjini Beni, ambako Bungulu ni mtaa mmojawapo. Jioni ile nilikuwa kazini, kwa hiyo sikuona chochote kwa macho yangu. Lakini kesho yake nilifanya kama ninavyofanya kwa kila tukio. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikimuuliza kila mtu alisikia nini, alikuwa wapi, na nani alimwambia. Haya ndiyo niliyoyapata.

Nyuma ya nyumba ya mama, ng'ambo ya migomba michache, kuna ukumbi wa video. Kuta zake ni za mbao, paa ni la mabati. Mwenye ukumbi ni dereva wa zamani wa malori ambaye barabara ilimshinda. Mama aliuzoea ukumbi huo kwa miaka. Ulikuwa na jenereta iliyoanza kunguruma mchana, na kila alipoisikia alijua kwamba vijana wako kwenye mpira, basi kelele zote zilizofuata hazikumhusu. Halafu umeme ukafika mtaani. Sote tulifurahi. Mwenye ukumbi akaiuza jenereta yake, na hakuna aliyewaza kwamba ule mngurumo ulikuwa unatuambia kitu.

Jioni ile ilikuwa nusu fainali ya kombe la Waingereza. Mechi haikupata mshindi, ikaenda dakika za nyongeza, na bado. Kwetu kumbi zinatakiwa zifungwe kabla ya giza. Mwenye ukumbi aliona giza linakaribia, akafunga mlango na madirisha, akawaacha watu ndani wamalizie penalti.

Hapa lazima nieleze neno moja. Kwetu mpira ukiingia wavuni, wachache husema goli. Tunasema bameingiza, yaani wameingiza. Na watu wenye silaha wakiingia mtaani, anayewaona kwanza hupaza sauti: bameingia. Kati ya maneno hayo mawili kuna herufi moja, na herufi hiyo haikupita kwenye mbao.

Mama alikuwa uani anachambua maharagi. Alichosikia ni sauti za wanaume wengi zikisema bameingia, kisha kimya, kisha bameingia tena, kwa nguvu zaidi, kisha kimya. Penalti ndivyo zilivyo. Jirani yake wa upande wa chini alisikia hivyo hivyo, akachukua sufuria na mwiko akaanza kuipiga, kwa sababu ndivyo tunavyoamshana miaka hii. Sufuria ya pili ikaijibu ya kwanza. Filimbi zikafuata. Ndani ya ukumbi watu walisikia sufuria, wakadhani mtaa mzima unashangilia pamoja nao, wakaongeza kelele. Mpaka mtu mmoja aliyekuwa karibu na ukuta alipochungulia kwenye ufa na kuona watu wanapita mbio wakiwa na magodoro kichwani. Naye akapiga kelele. Mlango ukang'oka. Wale waliopiga kelele wakakimbia kelele zao wenyewe, na wengi wao hawakujua nani alishinda hadi asubuhi.

Watu walilala uani mwa parokia. Kulipokucha walirudi nyumbani, wengine kwa aibu, wengine kwa kicheko. Mama hakurudi. Alipanda lori la mbao lililokuwa linaelekea Butembo, na mfuko wake ule unaokaa tayari nyuma ya mlango, akaenda kwa dada yangu.

Nilimpigia simu siku hiyo hiyo.

"Mama, ile haikukuwa vita. Ilikuwa mupira."

"Mh."

"Kweli mama. Batu balikuwa mu sinema, banaangalia penalti."

"Papa," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu utoto wangu, "hata mudogo wangu balimuambiaka haikuwa kitu."

Yeye na mdogo wake walikuwa wanalima pamoja upande wa Mangina. Siku moja kulikuwa na milio, watu wakakimbia, kisha wakaambiwa haikuwa kitu, ni wawindaji, rudini. Mama alichelewa kwa sababu ya mguu uliovimba. Mdogo wake alitangulia shambani, na hakurudi. Tangu siku hiyo, mtu akimwambia mama kwamba haikuwa kitu, anaitikia "mh" na kuendelea na alichokuwa anafanya.

Chifu wa mtaa aliitisha mkutano. Alikuwa amechoka kama sisi sote. Aliwaomba mashabiki waache neno bameingiza, waseme goli au waseme but, kama Wafaransa, wachague wenyewe. Mimi ndiye niliyesoma tangazo hilo redioni, asubuhi na jioni, kwa sauti yangu ya habari nzito. Lilidumu mpaka mechi iliyofuata. Mtu hachagui neno wakati mpira unaingia.

Basi mama akakaa Butembo, na huko kukawa na shida nyingine ambayo wasomaji wa kwetu wameshaiona tayari. Dada yangu na mume wake wana nyumba ya vyumba viwili kwenye mteremko, wanabanana humo na watoto. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawali chumba kimoja, hawapishani mlangoni, hawatazamani usoni. Ni heshima, na heshima inataka nafasi. Mama alikuwa anakula jikoni nje, kwenye baridi ya Butembo ambayo mtu wa Beni haizoei, akiwa amejifunika kitenge hadi masikioni. Shemeji yangu, ambaye anauza sokoni samaki wa ziwani kutoka Kyavinyonge, alikuwa akifika kwake anasimama kwenye lango na kukohoa, ili mama mkwe apate muda wa kutokea nyuma.

Dada yangu alinipigia simu akinong'ona. Yaya ni mimi, kaka yake mkubwa.

"Yaya, bwana yangu anakohoa mwezi muzima. Majirani banauliza kama iko na ugonjwa ya kifua."

"Na mama?"

"Mama anasikia kikohozi anatoka na sahani mu mukono. Juzi mvua ilikuwa inanyesha. Alisimama chini ya mugomba mupaka bwana akamaliza kukula. Yaya, mimi nimechoka. Na yeye amechoka, ile tu hasemi."

Mama mwenyewe alitaka kurudi. Kila nilipompigia aliuliza kuku wake, aliuliza kama maharagi yamepanda bei, aliuliza kama kuna mtu aliyeingia nyumbani mwake, kwa sababu nyumba isiyo na mtu huku kwetu haikai hivyo kwa muda mrefu. Lakini nikisema "basi njoo," anarudi kwenye "mh". Hakuwa anabishana nami. Alikuwa hajaamini tu kwamba watu wazima wanaweza kupiga kelele ile kwa ajili ya mchezo.

Ndipo nikapata wazo la fainali.

Fainali hiyo ilikuwa imeshaijaza Butembo nzima. Kombe lenyewe ni la zamani sana, limechezwa zaidi ya miaka mia, na safari hii vilabu viwili vya mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, wekundu na bluu, vilikuwa vinakutana kwenye mechi yake ya mwisho kwa mara ya kwanza. Redioni tuliiita fainali ya kihistoria. Mechi ilikuwa inachezwa Jumamosi alasiri, mchana kweupe. Nikamwambia mama: nakuja, twende ukaione hiyo kelele inatoka wapi.

"Sawa," alisema. "Nitaenda kuona huo mupira unalilaka sawa vita."

Nilitoka Beni asubuhi baada ya salongo, ule usafi wa mtaa wa kila Jumamosi, nikapanda pikipiki, nikafika Butembo na vumbi la barabara ya Maboya kwenye meno. Mama alikuwa ameshavaa kitenge cha kanisani. Mfuko wake ulikuwa mkononi. Nikamwambia auache, tunaenda karibu tu. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyesema neno la kijinga, akauweka begani.

Shemeji alikuwa ndiye tatizo. Ni mtu wa wekundu tangu shule ya msingi, ana kofia yao, na ukumbi wa mtaa wake ndio huo mmoja. Mama mkwe akikaa ndani, yeye hawezi kuingia. Alikuja kuniona pembeni, kofia mkononi.

"Shemeji, fainali kama hii nimengojea maisha yangu yote."

"Najua."

"Na mama ataingia?"

"Ataingia."

Alivaa tena kofia yake. "Basi nitasimama inje. Kuko tundu mu mbao upande wa choo. Lakini shemeji, ikifichika unanielezea."

Ukumbi wa Butembo haukutofautiana na ule wa Bungulu. Mabenchi ya mbao yaliyopanda ngazi ngazi, televisheni kubwa juu ya meza iliyofungwa kwa mnyororo, harufu ya jasho na kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Tulipoingia wanaume wengi waligeuka, kwa sababu mwanamke mzee hakuwahi kuonekana mle. Kisha wakaanza kumsalimu mmoja mmoja, "Wavukire, mukaka," kama vile bibi ya kila mmoja wao ameingia. Mwenye ukumbi alileta kiti cha plastiki akakiweka karibu na mlango. Mama aliridhika na mlango.

Matusi ya mpira yalikuwa yameshaanza. Kwenye benchi la mbele alikaa mwalimu mmoja aliyetumwa kutoka Kasai, amevaa jezi ya bluu juu ya suruali ya kazi. Nyuma yake alikaa mfanyabiashara wa maharagi, mtu mnene wa hapo hapo, shabiki wa wekundu.

"Mwalimu," alisema yule wa maharagi, "wakati nilikuwa primaire, hakuna mutu alijuaka kama bluu iko timu."

"Ndiyo maana ulifeli primaire."

Watu walicheka. Wa maharagi hakukubali. "Timu yako ni sawa mushahara yako. Inachelewaka mupaka batu banasahau kama iko."

"Lakini siku moja inafikaka," mwalimu alisema bila kugeuka. "Yenu inafikaka wapi?"

Mama aliniuliza kwa sauti ya chini, "Banagombana?"

"Hapana mama. Wanacheza."

"Mupira haujaanza na banacheza?"

Filimbi ikapigwa. Mimi nilikuwa nimeinama nauweka mfuko wake chini ya kiti, baada ya kumbembeleza sana autoe begani. Sikuona kitu. Nilisikia mguu mmoja wa benchi ukigonga sakafu, halafu nusu ya ukumbi ikalipuka: "Bameingiza! Bameingiza!" Bluu walikuwa wamefunga kabla watu hawajakaa vizuri. Nilipoinua kichwa, kiti cha mama kilikuwa kitupu. Mkono wangu nao ulikuwa mtupu.

Hakukimbia. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Alikuwa ameshafika nje ya mlango akitembea kwa haraka iliyopangwa, mfuko begani, mkono mmoja umeinua kitenge usikanyagwe, kichwa kimegeuka kidogo kutafuta wengine wanaelekea upande gani. Ulikuwa mwendo wa mtu anayejua kazi. Nilimfikia kwenye kona, nikamshika kiwiko.

"Mama. Njoo utazame. Ni mpira."

Alirudi, lakini alisimama mlangoni. Kwenye televisheni walikuwa wanarudia bao. Mpira uliingia. Kisha ukaingia tena kutoka upande mwingine.

"Bameingiza tena?"

"Hapana, ni lile lile. Wanalionyesha tena."

"Na tena?"

"Lile lile, mama."

Alitazama mara ya tatu, safari hii polepole, jinsi mguu ulivyoupiga mpira ukiwa bado hewani. Kisha alimtazama mwalimu wa Kasai, aliyekuwa amesimama juu ya benchi akitikisa mikono, na yule wa maharagi aliyekuwa ameficha uso ndani ya kofia. Alikaa. Mfuko akaupakata.

Kupitia tundu la mbao upande wa choo sauti ilikuja: "Shemeji! Ni nani alipiga? Hapa kuko kichwa ya mutu!"

Nikamweleza. Alitoa sauti ya mtu aliyeumwa na jino.

Mchezo uliendelea, na mama akaanza kuuliza. Anauliza vizuri kuliko mimi, ninayelipwa kwa kazi hiyo.

"Hawa bote ni ba muji moja?"

"Mji mmoja, mama."

"Banajuana?"

"Wanajuana. Wengine ni majirani."

"Na mupira ikiisha banarudia kwabo bote?"

"Wote."

"Njo muzuri," alisema, yaani ndiyo vizuri, akaweka mkono wake mmoja chini, mbali na mfuko.

Kabla ya mapumziko wekundu walipata penalti. Mpira ulikuwa umemgusa mtu mkono, mwamuzi akaenda kuangalia kwenye televisheni yake ndogo pembeni, na ukumbi ukaanza kubishana kama baraza. Mwalimu alisema ni wizi. Wa maharagi alimwambia mwalimu asimame mbele afundishe sheria ya mkono. Kisha mpira ukawekwa, na wote wakanyamaza. Mama alitazama huku na huku.

"Mbona bananyamaza?"

"Wanangoja."

Nilimwona anakijua kimya hicho. Aliushika mkono wangu kwenye kiganja, kwa nguvu. Penalti ikapigwa, na safari hii nusu ya pili ya ukumbi ndiyo iliyosimama. Mama hakusimama. Na juu ya sauti zote, kutoka nje, upande wa choo, ikaja moja kubwa kuliko nyingine, karibu ipasuke: "Bameingiza! Bameingizaaa! Eh Mungu wangu, bameingiza!"

Mama aliitambua. Ilikuwa ya mkwe wake, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa amemsikia akikohoa tu. Alivuta kitenge akafunika kichwa chote, kama inavyopasa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na wanaume waliokuwa karibu, bila kujua sababu, wakacheka naye.

Nilifikiri kazi yangu imekwisha. Wakati wa mapumziko niliwaza pikipiki ya kesho, nani atabeba mfuko, kuku watafunguliwa saa ngapi. Lakini mama alinigusa bega.

"Papa, mimi nataka kusikia kutoka inje."

"Nje kwa nini?"

"Pale Bungulu nilikuwa inje. Hapa niko ndani na naona. Nataka kusikia bila kuona."

Ningekuwa mimi ndiye ninayemhoji shahidi, ningefanya hivyo hivyo. Nilitoka kwanza nikamwonya shemeji, ambaye alizunguka hadi upande wa pili wa jengo akitafuta tundu jingine. Kisha nikakiweka kiti cha mama nyuma ya ukumbi, karibu na ukuta, akitazama kilima. Mwenye ukumbi alifunga mlango kwa ombi langu, na dirisha pia. Mimi nikasimama pembeni yake. Kutoka pale televisheni ilikuwa ni manung'uniko tu.

Hatukungoja sana. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza tu. Kwanza mabenchi yalilia, kisha wakapaza sauti wote kwa pamoja. Na mimi, ninayejua neno, niliyelisoma redioni asubuhi na jioni, niliyekuwa nimesimama hatua chache kutoka kwenye ukuta ule mchana kweupe, nilisikia: bameingia.

Mama alikuwa amesimama pia. Uso wake haukuwa na hofu. Ulikuwa uso wa mtu aliyepata kitu alichokuwa anakitafuta sandukuni.

"Njo ile," alisema. "Njo ile niliisikia. Mulisema kweli. Ilikuwa mupira."

"Umeona, mama. Basi kesho twende nyumbani."

Mlango ulikuwa umefunguliwa, mwalimu wa Kasai alikuwa ametoka akicheza ngoma ya kwao peke yake kwenye vumbi, kisha akarudi ndani.

"Papa," alisema, "kama sauti ya mupira na sauti ya babo ni sauti moja, siku bakikuya kweli nitajua je?"

Mechi iliyobaki sikuiona. Bluu waliongoza hadi mwisho. Tulisikia filimbi, kisha wimbo, kisha tuliingia kwa sababu mama alitaka kuona hicho kikombe. Walikuwa wanakiinua, kina riboni. "Kidogo," alisema. Yule wa maharagi alikuwa bado ameketi. Mwalimu alimpa mkono, naye akaupokea bila kumtazama, akasema, "Mwalimu, mushahara yako imefika." Shemeji alikuwa ameshaondoka ili afike nyumbani kabla yetu, ale, na kutoka.

Jioni ile jikoni kwa dada yangu tulikula bukali, ugali wetu, na samaki bila maneno mengi. Moto ulikuwa mdogo. Nilikuwa na majibu kadhaa tayari, kwamba wanajeshi wamejaa barabarani, kwamba miezi hii ni shwari, na kila nililolipima mdomoni lilikuwa ni lile lile la "haikuwa kitu". Niliyaacha. Kwenye lango shemeji alikohoa, akasubiri, akakohoa tena. Mama aliangalia sahani yake, ambayo haikuwa imefika nusu, akaanza kuinuka.

Kisha akakaa.

"Mwambie aingie," alimwambia dada yangu. "Mimi niko jikoni. Asikohoe tena, atajiumiza." Akanigeukia. "Nitarudi kwangu. Lakini siku ya mupira unakaa na mimi. Hauendi sinema, hauendi kazi. Unakaa uani na mimi. Bakipiga kelele, nitaangalia uso yako. Uso yako ikikaa, na mimi nakaa."

Nilikubali. Kusema kweli, sikuwa na nguvu ya kutafuta njia nyingine, na sidhani kama ilikuwepo.

Tulirudi Bungulu. Kuku walikuwa wamepungua, nyumba ilikuwa haijaingiwa na mtu. Nilibadilishana zamu na mwenzangu wa redioni, na tangu hapo siku ya mechi kubwa niko uani kwa mama. Mimi niliyependa mpira siuoni tena. Nausikia kupitia migomba, kama alivyousikia yeye. Mama hataki redio iwake, anasema inamziba masikio. Ila nina simu mfukoni, na shemeji yangu wa Butembo, ambaye anadai kwamba nilimnyang'anya nusu ya fainali, ameapa kunipigia kila bao linapoingia. Mara nyingine mtandao unaruhusu.

Wiki iliyopita wekundu walikuwa wanacheza. Tulikaa kwenye viti viwili vifupi, ungo wa maharagi katikati yetu, tukitupa mabovu kwa kuku. Nilikuwa nimevua viatu. Kelele ikaja ghafla, nzito, kutoka kwenye ukumbi au kutoka nyuma yake, sikujua. Mama aliacha mkono ndani ya maharagi na kunitazama usoni. Simu haikulia. Niliutuliza uso wangu. Nilichukua harage moja, nikaligeuza, nikalirudisha.

"Ni mupira, mama."

Aliendelea kunitazama. Hakuna sufuria iliyopigwa. Mbwa wa jirani alibweka mara moja, akaacha. Kisha simu ikatetemeka, na hata kabla sijaiweka sikioni tulimsikia sote wawili: "Shemeji! Bameingiza!"

Mama alirudi kwenye ungo. Alichambua kidogo, kisha akaonyesha chini kwa kidevu.

Nilitazama. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umeshaingia kwenye kiatu.

"Basi vua," aliniambia.